Gome la Mti: Ngao Yake na Njia ya Chakula Chake

Somo letu la mwezi huu limetokana na swali la mzee mmoja wa kanisa. Upande wa magharibi wa Kamachumu, mahali ambapo vibanja vyakoma na nyika yaanza, ulikuwako mwamba-ngoma mkubwa mbele ya nyumba ya sala. Kengele ya mtaa ilitundikwa katika tawi lake, na watoto wa mafundisho walikaa chini yake wakati wa jua kali. Karibu kila kiangazi moto wa nyika ulipita hapo, ukateketeza majani yote, ukaliunguza shina likawa jeusi kama chungu. Lakini muda si mrefu mti ule ulichanua maua yake mekundu, kana kwamba haukupatwa na neno lo lote. Hata ikatokea habari ya kwamba gome lake ni dawa. Mmoja akaja na kisu akachukua kipande kama kiganja, na jirani yake akachukua kingine kando ya pale, wa tatu akaja usiku, na hivyo hivyo, mpaka shina likawa limebambuliwa pande zote, kama mtu aliyevuliwa mshipi. Mwaka ule mti haukuonyesha dalili ya ugonjwa. Mwaka wa pili majani yake yalikuwa madogo na ya njano, na mwaka wa tatu ulikauka.

Mzee yule akatuuliza, "Waalimu, moto wa miaka yote haukuuweza mti huu. Mbona visu vidogo vimeuua? Na kama ulijeruhiwa hata kufa, mbona ulikawia kufa?" Twakiri kwamba siku ile tulijibu kwa maneno mengi yasiyo na maana. Baadaye tuliutafuta ukweli wa mambo haya, nasi twauleta hapa, kwa kuwa swali lile lina maswali mawili ndani yake, na yote mawili yafaa kujibiwa.

Kwanza tutazame gome lenyewe. Msomaji na atwae kijiti kibichi cha mpera au cha mbuni, kinene kama kidole gumba, akikate mshazari kwa kisu kikali. Atakapokwangua polepole kutoka nje kwenda ndani, atakutana kwanza na ngozi nyembamba, kavu, isiyo na maji. Chini yake ipo sehemu ya kijani. Kisha lafuata gome la ndani, jeupe au jekundu kidogo, lenye nyuzi na utomvu. Kisha kidole chateleza, kama kilichogusa samaki. Mahali hapo ndipo gome liachanapo na mti. Baada ya hapo ni ubao mgumu tu. Tukisema "gome", twataja vyote vilivyo nje ya mahali pale pa kuteleza, wala si ile ngozi kavu peke yake.

Ile ngozi kavu ya nje imefanyizwa kwa vyumba vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Mtu wa kwanza aliyevieleza vyumba hivyo ni Mwingereza Robert Hooke, aliyeandika habari zake mwaka 1665 baada ya kutazama kwa hadubini kipande chembamba cha gome lile ambalo Wazungu hukata vizibo vya chupa. Akaviita kwa neno la Kilatini lenye maana ya chumba kidogo, na kwa neno hilo hata leo twasema "seli". Seli za gome la nje zimekufa, na ndani yake hamna kitu ila hewa. Kuta zake zimepakwa kitu kama nta, kiitwacho suberini, kisichopitisha maji. Kwa hiyo ngozi hii ya wafu ndiyo ilindayo walio hai: yazuia maji ya ndani yasitoke, na wadudu na ukungu wasiingie. Lakini mti nao wahitaji pumzi, na ukilitazama gome la kijiti chako utaona vidoadoa vidogo vilivyoinuka kama chunusi. Hivyo ni vitundu vya hewa.

Tuje sasa mahali pale pa kuteleza. Wataalamu hupaita kambiamu, nasi twaweza kupaita tabaka mama, maana ndipo unene wote wa mti uzaliwapo. Tabaka hili ni jembamba kuliko karatasi. Kazi yake ni kuzaa upande wa ndani ubao, na upande wa nje gome la ndani, mwaka kwa mwaka. Basi mbao zote za nyumba zetu, na boriti, na mtumbwi uelea­o Nyanza, vilizaliwa na tabaka ambalo mtu angeweza kulifuta kwa ukucha. Tena lipo tabaka mama la pili, karibu na nje, lizaalo ile ngozi kavu yenye hewa. Matabaka hayo mawili yasichanganywe, kwa sababu tofauti yao ndiyo itakayotufungulia mafumbo mengine hapo mbele.

Kwa kuwa ubao huongezeka ndani, na ngozi ya nje imekufa nayo haiwezi kukua, yaipasa ngozi hiyo kupasuka au kuanguka. Kila mti una desturi yake. Mpera huambua vipande vyembamba kama karatasi, ukabaki laini. Mkaratusi hutupa gome kwa mikanda mirefu ininginiayo. Mlama wa nyikani hulishika gome lake, likapasuka pande mbili, marefu na mapana, hata shina lafanana na mgongo wa mamba. Na mwamba-ngoma hujivika gome nene, jepesi, lenye mifereji mirefu, na mara nyingi lenye miiba. Ukilibonyeza kwa kidole gumba, labonyea kidogo. Kumbukeni kubonyea huko.

Sasa tulijibu swali la pili kwanza: mbona mti ulikawia kufa? Katika mti zipo njia mbili. Maji na chumvi za udongo hupanda kutoka mizizi kwenda majani kwa njia ya ubao. Majani hupokea nuru ya jua na hewa, yakapika chakula, yaani sukari. Na chakula hicho hushuka kwa njia ya gome la ndani kwenda kulisha shina na mizizi. Mtaliano Marcello Malpighi, aliyekuwa mganga, alilijaribu jambo hili katika miaka ya 1670. Aliondoa mkanda wa gome kuzunguka shina, akaona kwamba juu ya kidonda gome lavimba, lakini chini halivimbi. Chakula kilikuwa kikishuka, kikafika mahali njia ilipokatwa, kikakusanyika hapo kama watu waliofika mtoni wakakuta daraja limevunjika.

Basi mti uliovuliwa mshipi wa gome wazidi kunywa maji, kwa kuwa ubao wake ni mzima. Majani yabaki mabichi, na mtu apitaye husema, "Hauna neno." Lakini mizizi imekatiwa posho. Yala akiba yake mwezi kwa mwezi, na akiba ikiisha, yafa kwa njaa. Na mizizi ikifa, maji hayapandi tena, ndipo majani yakauka. Mwamba-ngoma wetu ulikufa chini kwanza, mahali pasipoonekana, na wale waliokata kipande cha mwisho hawakujua kwamba walikuwa wakifunga mlango wa ghala. Kipande cha mwisho kilikuwa kidogo, labda kuliko vyote. Kama wangeacha hata njia nyembamba ya gome zima kutoka juu hata chini, mti ungaliweza kuishi, ingawa kwa unyonge.

Tuje kwenye moto, nalo ndilo jambo lenye maajabu mengi zaidi katika nchi za nyika.

Wenyeji wa Buhaya wajua kwamba mvua yetu yategemea Nyanza. Bukoba, penye ufuo, hupata yapata milimita 2000 kwa mwaka. Lakini ukiuacha uwanda wa juu wa Kamachumu, ukashuka katika bonde la mto Ngono na kwenda zako mpaka Karagwe, mvua yapungua hata kufika kadiri ya milimita 1000 au pungufu. Huko ndiko kwenye nyika ya migunga na milama. Hata huku kwetu, kati ya kijiji na kijiji, ipo rweya, mbuga ya majani mafupi isiyo na miti mingi. Wengine husema rweya haina miti kwa ajili ya moto tu. Sisi hatukubali. Udongo wake umetokana na mawe ya mchanga, nao umeoshwa na mvua nyingi mpaka umekuwa maskini, na samadi na takataka za majani vimechukuliwa vizazi kwa vizazi kutoka rweya kupelekwa kwenye kibanja. Hata hivyo moto una sehemu yake, maana mche utakao kuota hapo lazima upite mtihani wa kila kiangazi.

Mtihani huo ni huu. Tabaka mama hufa likipata joto la kadiri ya nyuzi 60 za Selsiasi. Moto wa majani makavu una joto la mamia ya nyuzi. Mti ungewezaje kuokoka? Kwa sababu mbili. Ya kwanza, moto wa majani hauna subira. Waja kwa mbio na kelele, wala chakula chake upesi, ukaenda zake, hata mahali pamoja haukai ila dakika chache. Ya pili, gome la nje lina hewa ndani ya seli zake, na hewa iliyofungiwa haipitishi joto kwa haraka. Mwanamke ashikaye chungu cha moto kwa kata ya majani makavu ya mgomba aijua kanuni hii bila kufundishwa. Basi shindano ni la wakati: je, joto litafika kwenye tabaka mama kabla moto haujapita?

Na hapa unene wa gome wafanya kazi kubwa kuliko mtu awezavyo kudhani. Ungefikiri kwamba gome lenye unene maradufu lastahimili muda maradufu. Sivyo. Muda waongezeka kwa kadiri ya unene ukizidishwa kwa unene wenyewe. Gome nene mara mbili lastahimili kama mara nne. Nene mara tatu, kama mara tisa. Ikiwa gome jembamba lastahimili dakika moja, lile la maradufu lastahimili dakika nne, na dakika nne zatosha kabisa kuupisha moto wa majani. Kwa hiyo milimita chache tu ndizo zinazotenga mti utakaokufa na mti utakaoishi. Wataalamu waliopima magome katika nchi nyingi za joto wameona kwamba miti ya nyika, ikilinganishwa na miti ya msituni yenye unene ule ule wa shina, ina gome nene zaidi. Mti wa msituni hauna haja ya koti hilo, kwa maana ndani ya msitu kuna unyevu na kivuli, na majani marefu yachomekayo hayapo. Lakini siku moto uingiapo pembezoni mwa msitu, miti yenye magome membamba hufa kwa wingi, hata ikiwa mirefu na ya fahari.

Huenda mtu akauliza, "Na mche mdogo, ambao haujapata gome nene, unafanyaje?" Ulio mdogo kabisa hufa. Lakini ukipata msimu mmoja au miwili ya kutia mizizi, basi juu huungua, na chini huishi. Kila mwaka wachipua tena kutoka shingo ya mzizi, na kila mwaka waungua tena, na huku mzizi wazidi kunenepa chini ya ardhi. Tumeona vichipukizi vya mlama visivyofika gotini. Tulipochimba tulikuta mzizi mnene kama mkono wa mtu mzima. Usimdharau huyo. Yeye angoja mwaka mmoja au michache ambayo moto hautapita, au utapita kwa unyonge, ili apate kuinua kichwa chake juu ya ndimi za moto na kulinenepesha gome lake.

Jambo hili lilijaribiwa kwa uangalifu huko Ndola, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Tangu mwaka 1933 viwanja vya miyombo viligawanywa: vingine vikachomwa kila mwaka mapema, majani yakiwa bado na ubichi, vingine vikachomwa mwisho wa kiangazi, majani yakiwa makavu kabisa, na vingine vikakingwa na moto. Baada ya miaka mingi vile vilivyochomwa kwa kuchelewa vilikuwa vimepoteza miti yao mikubwa, vikawa mbuga ya majani. Vilivyochomwa mapema vilibaki na miti. Vilivyokingwa vilizidi kusongamana kama msitu. Moto ni ule ule, lakini majira si yale yale. Wale wachomao rweya wapate majani mapya ya ng'ombe, wajue kwamba moto wa mwanzo wa kiangazi na moto wa mwisho wake ni wageni wawili tofauti. Tena sheria za serikali za kuchoma moto ziko, na za vijiji pia, nazo zifuatwe. Hatuandiki haya ili mtu apate udhuru.

Neno moja dogo kabla hatujauacha moto. Ukiona mti wenye jeraha la zamani karibu na ardhi, lenye umbo la pembe tatu kama mlango wa hema, tazama limeelekea wapi. Mara nyingi liko upande ule ambao upepo huelekea, si ule utokako. Moto ufikapo kwenye shina hugawanyika, ukakutana tena nyuma yake, na hapo ndimi zasimama juu na kukawia. Hivyo shina hulindwa mbele likachomwa mgongoni. Kwa alama hiyo mtu aweza kujua upepo wa kiangazi cha miaka mingi iliyopita.

Basi jibu la swali la kwanza la mzee wetu ni hili: moto ulipigana na gome la nje la mwamba-ngoma, lile lenye kubonyea, ambalo lilikwisha kufa nalo halina cha kupoteza. Kisu hakikupigana na ngao. Kilipita ngao, kikakata njia ya chakula.

Hapo wasomaji wa kwetu watatupinga, na watakuwa na haki. Watasema, "Mbona mababu zetu walikuwa wakiuvua mti wa mbugu gome lote, mzunguko mzima, na mti haukufa, bali ulivuliwa tena na tena?" Ni kweli. Kabla nguo za pamba hazijaenea, mbugu ilikuwa vazi la watu katika Buhaya na Karagwe na Uganda, na Mwingereza John Speke, aliyefika Karagwe mwaka 1861, alilitumia neno mbugu lenyewe katika kitabu chake. Mti wenyewe ni wa jamii ya mitini. Waganda huuita mutuba, na wataalamu Ficus natalensis. Hata leo katika vibanja vingi huachwa uwe kivuli cha migomba na mibuni. Kule Uganda ufundi huu haujafa. Mwaka 2005 shirika la UNESCO liliutangaza kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi wa wanadamu, na mwaka 2008 ukaingizwa katika orodha yake.

Tazameni jinsi fundi afanyavyo. Hungoja wakati wa mvua, maana ndipo tabaka mama lizaapo sana na kuwa laini, na gome huachana na ubao bila kuupasua. Hukwangua kwanza ngozi ya nje. Kisha hukata mzunguko mmoja juu na mmoja chini, na mstari mmoja wa kuunganisha, akalibambua gome polepole kwa kijiti au kwa kipande cha mgomba, si kwa chuma, ili asiukwaruze ubao. Na mara hiyo hiyo hulifunika shina kwa majani ya mgomba, akalifunga kama mama afungavyo kidonda cha mtoto. Chini ya majani hayo, juu ya ubao wenye unyevu, zimebaki seli changa zilizo hai. Zisipokaushwa na jua, zafanya kazi upesi, zikajifanyia gome jipya kabla mizizi haijamaliza akiba yake. Mti mmoja huweza kuvuliwa mwaka hata mwaka kwa miongo kadhaa. Gome lenyewe hupigwa kwa nyundo za mti zenye mifereji, kwanza ile yenye mifereji mipana, kisha membamba, mpaka latanuka likawa kitambaa, na likianikwa juani lageuka rangi ya udongo mwekundu.

Kwa hiyo tofauti ya mbugu na mwamba-ngoma wetu haikuwa katika ukubwa wa jeraha. Jeraha la mbugu ni kubwa zaidi sana. Tofauti ni aina ya mti, na majira, na kifaa, na kidonda kufunikwa. Waliouua mti wa kengele walikata wakati wa kiangazi, kwa panga na visu, wakakwangua mpaka ubaoni, wakauacha ubao mweupe wazi kwa jua. Wakatekista watakumbuka mlango wa kwanza wa kitabu cha Yoeli, habari za nzige na mtini ambao matawi yake yalifanywa kuwa meupe. Weupe huo ndio ishara ya kifo, maana ubao uliokauka juu yake hauzai tena gome.

Huko Ureno nako wapo watu waishio kwa kubambua miti, nao huvuna lile gome la vizibo alilolitazama Hooke. Hawauvui mti mpaka umefika umri wa miaka 25 hivi, kisha huvuna kila baada ya miaka 9. Lakini wao huchukua ngozi ya nje tu, yenye hewa, wakaliacha gome la ndani mahali pake. Wakikosea wakagusa la ndani, wameharibu. Mbuyu wetu wa Dodoma na Iringa ni hodari kuliko yote: watu huondoa gome lake lenye nyuzi kwa kusokota kamba, nao wajiponya, ukabaki na makovu tu. Ni tembo ndiye aushindaye. Katika mbuga ya Ruaha ameonekana akichimba mibuyu kwa pembe zake mpaka mingine ikaanguka. Huyo hachagui gome la nje wala la ndani.

Magome mengi yana vitu vichungu na vikali ambavyo mti huviweka kuwafukuza wadudu, na wanadamu kwa werevu wao wamevigeuza kuwa vya kazi. Gome la miwati ya Njombe hutoa dawa ya kutengenezea ngozi. Gome la mkwinini, mti wa asili ya Amerika Kusini uliopandwa pia Amani katika milima ya Usambara, lilikuwa dawa ya malaria kwa karne nyingi. Wafaransa Pelletier na Caventou walitoa kwinini yenyewe ndani yake mwaka 1820. Ipo pia Prunus africana, mti wa milima yetu ya Afrika, ambao gome lake hununuliwa Ulaya kwa dawa ya wazee wenye shida ya mkojo. Ulivuliwa ovyo hata mataifa yakaweka sharti juu ya biashara yake, tangu mwaka 1995. Wale wauvunao kwa akili huchagua mti mnene, wakaligawa shina kama katika robo nne, wakachukua gome la robo mbili zinazokabiliana, wakaziacha nyingine mbili zima, mpaka zilizovuliwa zimepona. Sisi hatusemi hapa kama gome la mwamba-ngoma laponya au haliponyi. Twasema tu kwamba mgonjwa apelekwe kwa mganga wa hospitali, na kwamba mbegu zake nyekundu, ambazo watoto hupenda kuzitunga shanga, zina sumu, wasizitafune.

Wafugaji wa nyuki wa Tabora wana tatizo lile lile. Mzinga wa gome hutengenezwa kwa kuvua kipande kizima, mviringo kama pipa, kutoka kwenye mti wa miyombo, na mti huo kwa kawaida hufa. Hivyo nyuki wapata nyumba moja na kupoteza maua ya mti mmoja. Mzinga wa mbao hugharimu zaidi siku ya kwanza, nasi twauona kuwa wa rahisi zaidi.

Na katika kibanja? Mbuni una gome jembamba, wala haujazoea mapigano. Mbuzi aliyefungwa kwenye shina lake hula gome, na kamba yake husugua lililobaki. Mwenye shamba huona majani mabichi akadhani hakuna hasara, kwa sababu tuliyoieleza. Jembe nalo, likipaliliwa karibu mno, hufanya majeraha madogo chini ya shina mwaka hata mwaka. Ukikuta mbuni wenye majani ya njano na jirani zake ni kijani, piga magoti kwanza uzunguke shina lake kwa macho, kabla hujalaumu udongo au mbegu. Ukikuta gome limeondoka upande mmoja tu, safisha ukingo kwa kisu kikali, ufunike, umwondoe mbuzi.

Habari za mti wa kengele hatujazimaliza. Kabla haujakauka kabisa, kijana mmoja wa mtaa ule alikata matawi mawili yaliyokuwa bado mabichi, manene kama mkono, akayachomeka ardhini mwanzoni mwa masika, maana mwamba-ngoma huota kwa tawi kama mti wa mbugu uotavyo. Mizizi mipya hutoka pembeni mwa lile tabaka la kuteleza tulilolitaja. Tawi moja lilioza. La pili limechipua, nasi tulilitazama mwezi uliopita. Gome lake bado ni laini, la kijani, halifiki unene wa ukucha, na ukilibonyeza halibonyei. Wazee wamefyeka majani kulizunguka, hatua kumi kila upande, na kengele kwa sasa imetundikwa kwenye nguzo mbili za mkaratusi.